Miradi ya waajiri vyuoni: mwanafunzi wa gemu anapata nini, na kazi yake inabaki kuwa ya nani?

Kijana akimwambia mzazi wake kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea kutengeneza gemu, jibu la kwanza mara nyingi huwa ni swali: hiyo nayo ni kazi? Ni kazi. Katika nchi kama Uingereza, Marekani, Japani na Kanada kuna maelfu ya watu wanaolipwa mshahara kwa kutengeneza michezo inayochezwa kwenye simu, kompyuta na televisheni. Lakini mzazi hajakosea kuuliza. Katika fani hii cheti peke yake hakimfikishi mtu mbali. Mwajiri anapokaa na mwombaji kazi, anataka kuona gemu ambayo mwombaji ameitengeneza ikafika mwisho, na anataka kusikia jinsi alivyoelewana na wenzake waliokuwa wakiitengeneza pamoja.

Mambo hayo mawili hayapatikani kwa kusikiliza mihadhara. Ndiyo maana vyuo vingi vinavyofundisha ubunifu wa gemu vimeingiza katika masomo kitu tunachoweza kukiita mradi wa mwajiri. Kampuni au taasisi ya nje inaleta kazi yake, kikundi cha wanafunzi kinaifanya kwa wiki kadhaa, na mwishoni mwenye kazi anakuja kuikagua. Makala haya yanaeleza miradi hiyo inavyoendeshwa na mahali ilikokomaa. Yanaeleza pia jambo ambalo wanafunzi wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: nani anamiliki kilichotengenezwa.

Kubuni gemu ni kubuni kanuni

Wengi hudhani mbunifu wa gemu ni mchoraji wa picha za kwenye skrini. Kuelewa kazi yake, afadhali uanzie kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64. Halina picha, na sauti yake ni ya kete na ya watazamaji wanaomcheka aliyeliwa. Hata hivyo wazee hukaa chini ya mwembe tangu adhuhuri hadi jioni bila kuchoka. Kinachowashika ni kanuni. Kuna kipindi cha namua, ambapo kete za mkononi zinaingizwa ubaoni moja moja, kisha kinafuata kipindi cha mtaji, ambapo mambo yanakwenda kasi. Kuna nyumba, ambayo ina masharti yake ya pekee. Yeyote aliyefikiri zamani kwamba kete zote zisiwekwe ubaoni tangu mwanzo, bali nyingine zibaki mkononi ili mchezaji apate cha kupanga, huyo alikuwa mbunifu wa mchezo kwa maana kamili ya neno.

Mbunifu wa gemu za kisasa anafanya kazi hiyo hiyo. Anaamua mchezaji afanye nini, apate nini akifanikiwa, apoteze nini akikosea, na ugumu uongezeke kwa mwendo gani ili mtu asichoke wala asikate tamaa. Pembeni yake kuna mwandishi wa programu anayezigeuza kanuni hizo kuwa maagizo ya kompyuta, mchoraji anayeunda watu na mandhari, mtaalamu wa sauti, na msimamizi anayehesabu siku zilizobaki. Wanafunzi wa fani hizo mara nyingi husoma katika madarasa tofauti, na wengine humaliza mwaka wa kwanza bila kujuana majina. Mradi wa mwajiri ndio huwakutanisha.

Kazi inamfuata mwanafunzi

Wasikilizaji wetu wa Tanzania wanaijua "fildi", na wa Kenya wanaijua "atachimenti". Mwanafunzi anaondoka chuoni, anakwenda kwenye ofisi au kiwanda, anakaa huko wiki au miezi kadhaa, kisha anarudi na ripoti. Utaratibu huo ni mzuri pale mwenyeji anapokuwa na kazi ya kumpa. Pale asipokuwa nayo, mwanafunzi hurudi akiwa bingwa wa kutoa fotokopi na kuagiza chai.

Mradi wa mwajiri unageuza safari hiyo. Mwanafunzi anabaki chuoni na kazi ya mwajiri ndiyo inayokuja. Kwa tasnia ya gemu hili lina sababu ya wazi. Studio nyingi ni ndogo, watu wanne, sita au kumi katika chumba kimoja, na haziwezi kupokea wanafunzi arobaini wakae mezani kwao miezi mitatu. Lakini studio ya watu sita inaweza kuandika karatasi mbili za maelezo ya kazi, ikamtuma mtu mmoja chuoni kila baada ya wiki mbili, na mtu huyo akawahudumia wanafunzi wote arobaini.

Dundee, mji uliotoka kwenye magunia

Mahali pazuri pa kuangalia jambo hili ni Dundee, mji wa bandari kwenye pwani ya mashariki ya Scotland. Katika karne ya 19 Dundee ulitajirika kwa kusokota juti, nyuzi za mmea uliokuwa ukisafirishwa kwa meli kutoka Bengal, na kuzifuma kuwa magunia. Gunia unalolijua wewe, lile la katani au juti la kubebea mahindi na kahawa, ni ndugu wa bidhaa iliyoujenga mji huo. Viwanda vya juti vilikufa kimoja baada ya kingine, na katika karne ya 20 sehemu ya watu wa Dundee walihamia kwenye kiwanda cha saa cha Timex.

Timex ndiyo iliyokuwa ikiunganisha kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyoitwa ZX Spectrum, iliyotoka mwaka 1982. Vijana wa mjini wakawa na kompyuta nyumbani mapema kuliko vijana wa miji mingine mingi ya ukubwa wake, na wakaanza kujifundisha wenyewe kuandika gemu. Mmoja wao, David Jones, aliyewahi kufanya kazi Timex, alianzisha studio ya DMA Design mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 studio hiyo ilitoa Lemmings, gemu ya viumbe wadogo wanaotembea moja kwa moja kuelekea kifo chao mpaka mchezaji awaokoe, na ikauzwa dunia nzima. Mwaka 1997 ikatoa Grand Theft Auto, ambayo matoleo yake ya baadaye yanajulikana hata na watu wasiowahi kushika kidude cha kuchezea. Timex yenyewe ilifunga kiwanda chake cha Dundee mwaka 1993 baada ya mgomo mkali.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1990 mji ulikuwa na watu wasio na kazi na tasnia changa iliyokuwa ikitafuta watu. Chuo Kikuu cha Abertay, kilichoko hapo hapo Dundee, kiliona nafasi hiyo. Mwaka 1997 kilianzisha shahada ya teknolojia ya gemu za kompyuta, na kinatambulika kuwa chuo kikuu cha kwanza duniani kutoa shahada ya aina hiyo. Wapo waliocheka. Lakini chuo kilikuwa na kitu ambacho vyuo vingi havina, yaani waajiri waliokuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Kutokana na ujirani huo kulizaliwa shindano lililoitwa Dare to be Digital. Lilidumu zaidi ya muongo mmoja. Timu za wanafunzi, kwa kawaida watano watano, zilikaa pamoja majira ya kiangazi kwa wiki zipatazo tisa au kumi na kutengeneza mfano wa awali wa gemu, huku watu wa studio wakija kuwashauri. Mwishoni gemu ziliwekwa ukumbini na wananchi wakaalikwa kuzicheza, watoto kwa wazee. Ndani ya masomo ya kawaida pia, wanafunzi wa mwaka wa tatu huwekwa katika vikundi vinavyochanganya wabunifu, wachoraji, waandishi wa programu na watu wa sauti, nao hupewa kazi iliyoandikwa na mteja wa nje.

Ndani ya wiki za mradi

Tuchukue mfano wa kubuni ili msikilizaji aone mambo yanavyokwenda. Makumbusho ya mji yanataka gemu. Maelezo ya kazi yanasema hivi: ni ya watoto wa miaka 8 hadi 11, ichezwe kwa dakika 4, kwa sababu nyuma kuna foleni, isihitaji kusoma maelekezo, isitegemee intaneti, na mtoto akimaliza awe amejifunza jambo moja kuhusu meli za zamani.

Wiki ya kwanza kikundi cha wanafunzi kinataka kufanya makubwa. Mmoja anataka bahari nzima yenye mawimbi ya kweli, mwingine anataka maharamia, wa tatu anataka wachezaji wanne wapigane kwa wakati mmoja. Kila wazo ni zuri na hakuna hata moja linaloingia katika dakika 4. Hapo ndipo somo la kwanza linapoanza, nalo ni kukata. Mwanafunzi aliyezoea kujitungia kazi mwenyewe hukata kile asichokipenda. Mteja anamlazimisha kukata kile anachokipenda.

Wiki ya pili au ya tatu kinatengenezwa kitu kibaya kwa makusudi: maboksi yasiyo na rangi yanayosogea kwenye skrini, bila muziki, bila sura. Huu ndio mfano wa awali. Kazi yake ni kujibu swali moja, je, kanuni hizi zinachezeka? Ikiwa maboksi hayafurahishi, kuyapaka rangi hakutasaidia. Programu inayobeba gemu, ambayo watu wa fani huiita injini, haiandikwi upya kila mara. Wanafunzi hutumia zile zinazotumiwa na studio zenyewe, kama Unity, Unreal au Godot, na hii ya mwisho ni ya bure kabisa.

Kisha yanakuja majaribio ya kuchezesha. Wanafunzi wanamkalisha mtoto mbele ya skrini na wao wanakaa kimya. Sheria ya majaribio hayo ni hiyo tu, kukaa kimya, na ni ngumu kuliko inavyosikika. Mtoto anabonyeza pasipobonyezeka. Anaikosa bendera kubwa nyekundu ambayo mchoraji alikesha akiichora. Mwanafunzi anatamani kusema "bonyeza pale juu," lakini siku gemu itakapokuwa kwenye makumbusho hatakuwapo kuyasema hayo. Kwa hiyo anaandika kwenye daftari na kwenda kubadilisha gemu badala ya kumlaumu mtoto. Kwa maoni yangu hakuna saa ya darasani inayofundisha ubunifu kuliko dakika 4 hizo za ukimya.

Wakati huo mteja naye anabadilisha mawazo. Wiki ya sita anapiga simu: skrini tulizonunua ni ndogo kuliko tulivyowaambia. Kwa wanafunzi hii ni dhuluma, kwa watu wa kazini ni siku ya kawaida. Walimu wazuri hawauzuii usumbufu huo usiwafikie wanafunzi. Wanakaa pembeni kuwasaidia kuandika barua ya heshima inayosema: hilo tunaliweza, lakini jambo fulani litaondoka ili tumalize kwa tarehe tuliyokubaliana.

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1998 na Randy Pausch na Don Marinelli ambacho kimejengwa karibu chote juu ya mtindo huu. Baada ya muhula wa kwanza wanafunzi wa shahada ya uzamili hufanya mradi mmoja kwa muhula mzima katika kikundi kidogo, mara nyingi kwa mteja wa nje. Kazi haisubiri siku ya mwisho kukaguliwa. Inaonyeshwa muhula ukifika robo, ikaonyeshwa tena ukifika nusu, na ikakaguliwa mara nyingine wiki chache kabla ya kukabidhiwa ili kuwe na muda wa kurekebisha. Pausch, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa pia na desturi ya kuwataka wanafunzi wapimane wenyewe kwa wenyewe: ni rahisi kiasi gani kufanya kazi na mwenzako huyu? Kila mmoja alionyeshwa majibu ya wenzake. Yupo aliyejiona hodari kuliko wote darasani akajikuta mkiani.

Suala la mvivu katika kikundi ni kubwa kuliko vyuo vinavyopenda kukiri. Ikiwa kikundi kizima kinapewa alama moja, anayelala anapata sawa na anayekesha. Ndiyo maana chuo makini hugawa alama: sehemu kwa gemu iliyokabidhiwa, sehemu kwa mchango wa kila mmoja, unaothibitishwa na kumbukumbu za kompyuta zinazoonyesha nani alibadilisha faili gani na siku gani. Kumbukumbu hizo zitakuwa na kazi nyingine muhimu, kama tutakavyoona.

Si za burudani peke yake

Baadhi ya waajiri wanaoleta miradi hawahusiani na burudani hata kidogo. Wanafunzi wa kituo hicho cha Pittsburgh walifanya kazi na kikosi cha zimamoto cha New York katika mradi uliojulikana kama Hazmat: Hotzone. Gemu hiyo iliwapa wazimamoto nafasi ya kufanya mazoezi ya kukabili ajali za kemikali hatari kwa pamoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake, bila kumweka mtu yeyote hatarini. Mteja wa namna hiyo hajali sana kama gemu inapendeza. Anajali kama mzimamoto atafanya uamuzi sahihi siku ya ajali.

Huko Dundee nako, studio ndogo ya Guerilla Tea ilitengeneza gemu ya simu kwa ajili ya shirika la utafiti wa saratani la Cancer Research UK. Ilitoka mwaka 2014. Mchezaji alidhani anapanga njia ya chombo cha angani kupita kwenye vumbi lenye thamani. Njia aliyoichora ilikuwa ikiwasaidia wanasayansi kutambua mabadiliko katika takwimu halisi za vinasaba vya uvimbe. Huo haukuwa mradi wa wanafunzi, lakini unaonyesha kwa nini hospitali, mashirika ya misaada na makumbusho huja vyuoni kutafuta wabunifu, na kwa nini mwanafunzi asijifungie kwenye ndoto ya gemu za mpira na magari tu.

Binti mfalme asiyeweza kuruka

Sasa tufike kwenye hakimiliki. Hadithi inayojulikana zaidi katika fani hii ilitokea Redmond, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kwenye chuo cha DigiPen. Mwaka 2005 wanafunzi saba wa mwaka wa mwisho walitengeneza gemu waliyoiita Narbacular Drop. Mhusika wake ni binti mfalme ambaye hawezi kuruka, na kwa hiyo anategemea milango miwili ya ajabu: ukiingia kwa huu ukutani, unatokea kwa ule mwingine. Wazo lilikuwa jepesi na jipya.

Chuo kilikuwa na siku ya maonyesho ambapo waajiri hualikwa kuona kazi za wahitimu. Watu wa kampuni ya Valve, ambayo ofisi zake ziko Bellevue, mji jirani, waliiona gemu hiyo na kuwaalika wanafunzi kwenda kuionyesha ofisini. Wakaajiriwa, timu nzima. Mwaka 2007 Valve ilitoa Portal, gemu iliyojengwa upya juu ya wazo lile la milango miwili, nayo ikawa miongoni mwa gemu zinazosifiwa zaidi za muongo ule. Miaka michache baadaye jambo kama hilo lilijirudia kwa kikundi kingine cha DigiPen kilichobuni gemu ya kupaka rangi sakafuni ili kuruka na kukimbia kasi. Wazo lao liliingia katika Portal 2 ya mwaka 2011.

Mwisho mwema. Lakini angalia upande wa pili. Kwa miaka mingi kanuni za DigiPen ziliweka haki za gemu za wanafunzi mikononi mwa chuo. Mwanafunzi aliweza kuonyesha kazi yake kwa waajiri, lakini hakuweza kuiuza. Wale saba walipata kazi, na hilo ndilo lililowaokoa. Fikiria kikundi kingine ambacho hakikuonwa na mtu yeyote siku ya maonyesho, na ambacho kingependa kwenda nyumbani na kuiuza gemu yake kwa bei ndogo mtandaoni. Kikundi hicho hakikuwa na cha kuuza. Chuo kilikuwa na hoja zake, kwa mfano kwamba programu za kompyuta zilizotumika zilinunuliwa kwa ajili ya masomo tu na si kwa biashara. Bado kijana aliyelipa ada ana haki ya kulijua jambo hilo siku anapojiandikisha, si siku anapohitimu.

Sheria inasemaje? Uingereza inatumia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1988. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake ni mali ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Mwanafunzi si mwajiriwa. Kwa hiyo alichotengeneza ni chake tangu mwanzo, mpaka atie sahihi karatasi inayosema vinginevyo. Na katika miradi ya waajiri karatasi hiyo huja wiki ya kwanza, wakati wanafunzi wana furaha ya kukutana na kampuni kubwa na hakuna anayesoma kurasa nne za maandishi madogo.

Karatasi hizo ziko za namna tofauti. Nyingine humpa mteja kila kitu. Nyingine humpa mteja ruhusa ya kuitumia gemu huku wanafunzi wakibaki wamiliki. Nyingine zinataka siri: usiseme ulifanya nini, usionyeshe picha yoyote. Kwa maoni yangu hiyo ya siri ndiyo inayomuumiza mwanafunzi kuliko zote, na ndiyo isiyozungumzwa. Mtu aliyetoa haki zake bado anaweza kumwonyesha mwajiri wa kesho kazi aliyoifanya. Aliyefungwa na siri isiyo na mwisho ametumia muhula mzima na hana cha kuonyesha. Sharti la kuomba hapo ni dogo, na wateja wengi hulikubali wakiombwa mapema: siri iwe na tarehe ya kuisha, na wanafunzi waruhusiwe kuonyesha sehemu fulani wanapoomba kazi.

Je, wanalipwa?

Kwa kawaida hawalipwi, kwa sababu mradi ni sehemu ya masomo na unapewa alama. Huko Uingereza hata mwanafunzi anayekwenda kukaa kwa mwajiri hana haki ya kima cha chini cha mshahara iwapo mafunzo hayo ni sharti la kozi yake na hayazidi mwaka mmoja. Hoja ya vyuo ni kwamba mwajiri naye anatoa muda wake bure. Hoja hiyo inasimama pale kazi inapokuwa ya kujifunzia. Haisimami pale kampuni inapoichukua gemu ya wanafunzi, ikaiweka sokoni na kukusanya fedha. Mpaka huo uko wazi vya kutosha, na mwanafunzi anaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima: kazi yetu ikiuzwa, itakuwaje?

Kasoro nyingine ni mteja anayetoweka. Anakuja siku ya kwanza, anapiga picha na wanafunzi, kisha haonekani mpaka siku ya kukabidhiwa. Hapo mradi unageuka kuwa zoezi la kawaida la darasani lililovishwa nembo ya kampuni. Chuo kinachosimamia mambo vizuri humwandikia mteja idadi ya siku atakazofika, na kama hafiki, mwakani hupewa nafasi mwingine.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki

Tasnia ya gemu katika ukanda wetu ni changa lakini ipo. Kampuni ya Leti, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, ni miongoni mwa zilizotangulia kutengeneza gemu na vibonzo vya hadithi za Kiafrika. Na kama kuna masharti ya mteja ambayo mwanafunzi wa kwetu anayaelewa kuliko mwenzake wa Scotland, ni haya: gemu iwe nyepesi isijaze simu yenye nafasi ndogo, ifanye kazi bando likiisha, isomeke juani kwenye kioo kilichopasuka, na isimalize chaji kwa mtu ambaye umeme anaufuata dukani.

Mzazi au kijana anayepeleleza chuo, kiwe cha hapa au cha ng'ambo, na awaulize wahusika maswali haya kabla ya kulipa. Mwaka jana ni waajiri gani walioleta miradi, na mtu wao alifika chuoni mara ngapi? Vikundi vinachanganya fani, au wachoraji wanakaa na wachoraji wenzao? Naweza kuicheza gemu moja iliyotengenezwa na wanafunzi, hapa hapa, sasa hivi? Gemu hiyo ni mali ya nani, na kanuni hiyo imeandikwa wapi? Chuo kisichoweza kukuonyesha hata gemu moja iliyokamilika kimekwisha kujibu maswali yote manne.

Aliyekwisha kuingia chuoni naye atunze kumbukumbu. Aweke nakala ya michoro, maandishi na programu alizofanya mwenyewe, zikiwa na tarehe, mahali pengine zaidi ya kompyuta ya chuo, ilimradi mkataba unaruhusu. Zile kumbukumbu zinazoonyesha nani alibadilisha nini, ambazo mwalimu huzitumia kutoa alama, ndizo pia ushahidi wake siku ikitokea hoja juu ya nani alibuni nini. Nchini Kenya na Tanzania hakimiliki inaanza kazi inapotengenezwa, hata kabla ya kusajiliwa, na programu za kompyuta zinalindwa na sheria kama zinavyolindwa vitabu. Usajili hurahisisha kuthibitisha. Anayeutaka huenda COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kwa Kenya. Kama gemu ni ya kikundi, majina ya wote yaandikwe katika usajili huo, na sehemu ya kila mmoja ikubaliwe kwa maandishi kabla kikundi hakijatawanyika.